Sifa ya Kazi ya Kuuliza

Moody Awori alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008. Mdogo wake, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001 na baadaye akawa waziri huko. Ni Wasamia, watoto wa kasisi mmoja wa Kianglikana. Atakayeisoma jamii yao akiwa ameshika ramani ya nchi ataipasua familia hiyo vipande viwili, sura moja ya Kenya na nyingine ya Uganda. Mwanasosholojia mahiri huanza kwingine: huuliza mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia uliwekwa na nani, lini, na kwa faida ya nani. Kazi hiyo ya kuuliza ndiyo ninayoisifu.

Jibu lina tarehe. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda, wakauunganisha na himaya yao ya Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Sababu mojawapo ilikuwa kuiweka reli chini ya utawala mmoja. Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa, kila jamii ikiwa na watu pande zote mbili za mpaka. Upande wa Uganda, huko Tororo, Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza, na maajenti wake wa Kiganda walikuwa wameanza kupanga watu katika ngazi za utawala za Buganda, yaani saza, gombolola na muluka, wakileta uchifu ambao jamii nyingi za huko hazikuwa nao. Waliorithi vyeo hivyo ndio waliokadiria kodi miongo iliyofuata. Januari 1960, watu wa Bukedi, wilaya iliyokuwa na Tororo ndani yake, walipoasi kwa sababu ya kodi na kuchoma nyumba za machifu, asiyeijua historia hiyo angeona fujo za wakulima. Anayeijua huona mamlaka iliyopandikizwa ikidaiwa hesabu.

Sosholojia yenyewe haikusalimika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, fedha za wakoloni zilianzisha Makerere taasisi ya utafiti wa jamii iliyoongozwa na mwanaanthropolojia Audrey Richards. Ilizaa maandiko ya thamani, lakini mazoea ya enzi ile yalikuwa kumpa kila mtafiti kabila lake, kana kwamba makabila yalikuwako tangu azali yakiwa na mipaka dhahiri kama ya wilaya. Mwaka 1970 Aidan Southall, aliyewahi kufundisha Makerere, aliyapinga mazoea hayo kwa kuonyesha jinsi utawala ulivyochangia kuyapa makabila mengi sura tunayoijua.

Aliyenifundisha zaidi kuiheshimu kazi hii ni mwanahistoria Bethwell Ogot. Mzaliwa huyu wa Gem, upande wa Kenya, alivuka mpaka hadi Padhola, Tororo, akaketi na wazee wa Jopadhola, Waluo wa huko. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya waliyaona masimulizi ya mdomo kuwa ngano tu. Ogot alilinganisha simulizi za ukoo na ukoo, akahesabu vizazi ili akadirie miaka, na kitabu chake kuhusu Waluo wa Kusini kikatoka mwaka 1967. Ndani yake mpaka wa kikoloni ni tukio la juzi katika safari ndefu ya watu. Uvumilivu huo wa kumsikiliza mzee hadi mwisho, kisha kwenda kumuuliza jirani yake jambo lile lile, ni ustadi mkubwa kuliko nadharia yoyote iliyoazimwa.

Tunauhitaji ustadi huo leo. Wateso na Jopadhola wamevutana miaka mingi kuhusu mji wa Tororo uwe wa nani wilaya ikigawanywa. Kila upande huikimbilia historia, na kaunti zinazobishaniwa zilipangwa enzi za ukoloni. Mtafiti hana uwezo wa kuwaamulia, ila anaweza kuwawekea mezani habari za jinsi mistari hiyo ilivyochorwa, ili wabishane wakijua wanachokibishania.

Natamani vijana wa Busia na Tororo waifanye kazi hii wao wenyewe, kwa Kisamia, Kiteso na Dhopadhola. Dodoso linaloanza na kisanduku cha uraia na kumalizia na cha kabila litaendelea kutuletea majibu ya 1902.