Magitaa Mawili, Maikrofoni Mbili: Jinsi "A Meeting by the River" Ilivyopigwa

Septemba 1992, katika kanisa la Christ the King lililomo ndani ya Seminari ya St. Anthony mjini Santa Barbara, California, walikaa wapiga gitaa wawili waliokuwa wamefahamiana nusu saa tu kabla ya hapo. Ry Cooder, Mmarekani wa miaka 45, alikuwa na gitaa lake na kipande cha shingo ya chupa kidoleni. Vishwa Mohan Bhatt, wa miaka 42, kutoka Jaipur, India, mwanafunzi wa bingwa wa sitar Ravi Shankar, alilaza mapajani gitaa alilolifanyia mageuzi mwenyewe. Pembeni yao Sukhvinder Singh Namdhari alikuwa na tabla, na Joachim, mtoto wa Cooder, miaka 14, alikuwa na dumbaki. Hawakuwa wamefanya mazoezi ya pamoja. Walipiga, kanda ikazunguka, na kilichotoka ni vipande vinne vya muziki, jumla takriban dakika 40. Albamu ilitoka mwaka 1993 kwa jina la A Meeting by the River, na mwaka 1994 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki wa dunia.

Habari hii husimuliwa kama muujiza: mabingwa wawili wakakutana, mbingu zikafunguka. Mimi nadhani simulizi hiyo inawapunja waliofanya kazi ile. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba kila kitu kilichofanikiwa pale kina sababu yake, na sababu nyingi zinashikika kwa mkono.

Tuanze na chuma. Katika gitaa la kawaida, kidole kinaukandamiza uzi hadi uguse freti, yaani kile kijiti cha chuma kilichopigiliwa shingoni, na freti ndiyo inayoamua sauti. Mpiga gitaa wa solo katika bendi ya dansi hana haja ya kujiuliza kama noti yake imekaa sawa. Ikiwa nyuzi zimepatanishwa vizuri, freti imekwisha kumfanyia kazi hiyo. Katika gitaa la kutelezesha, uzi haugusi freti hata kidogo. Kipande cha chuma au cha chupa kinaelea juu ya nyuzi, na sauti inaanzia pale kinapogusa. Kikisogea kidogo tu, noti imechacha. Freti zinabaki kuwa alama za macho, na sikio ndilo linalobeba mzigo wote. Wapigaji wetu wa udi na fidla wanaijua hofu hiyo vizuri, kwa kuwa shingo za ala zao hazina freti.

Faida yake ni kwamba kati ya noti na noti kuna njia nzima ya kupita. Mpigaji anaweza kuondoka sauti moja kwenda nyingine kama anavyofanya mwimbaji, akikawia katikati, akitetemesha mwishoni, akafika kwa chini kidogo halafu akapanda. Bluzi ya Wamarekani weusi imejengwa mahali hapo: ile noti ya tatu ambayo si ya huzuni kamili wala ya furaha kamili, inakaa kati ya freti mbili. Raga za India, yaani mifumo ya noti ambayo muziki wa jadi wa huko hujengwa juu yake, nazo zimejengwa mahali hapo. Mtelezo mrefu kutoka noti hadi noti wanauita meend, na mtikisiko mzito wa noti wanauita gamak, na mwanafunzi asiyeviweza hivyo viwili haruhusiwi kusema kwamba anaijua raga. Cooder na Bhatt walikuja na mila mbili, lakini wote wawili walikuwa wameishi miaka mingi katika nafasi iliyo kati ya noti. Huko ndiko walikokutana kabla ya kukutana.

Na jambo hilo halikutokea kwa bahati. Gitaa la kulaza mapajani na kutelezesha kwa chuma lilianza Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku wa Laie, kisiwa cha Oahu. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliwafanya Wamarekani waupende mno mtindo huo, na vikundi vya Hawaii vikasafiri hadi Ulaya na Asia. Miongoni mwao, Tau Moe na jamaa zake waliishi Calcutta katika miaka ya 1940 na kueneza mtindo huo huko. India ililipokea gitaa hilo haraka kwa sababu tayari ilikuwa na ala za kutelezesha, kama vichitra veena. Likaingia katika muziki wa filamu, na watu wa Unguja na Mombasa waliokulia katika majumba ya sinema ya filamu za Kihindi walilisikia bila kujua asili yake. Kisha mpiga gitaa Brij Bhushan Kabra akaliingiza katika muziki wa raga, na albamu ya Call of the Valley ya mwaka 1967, aliyopiga pamoja na Shivkumar Sharma na Hariprasad Chaurasia, ikaifanya nchi nzima ilisikie. Kwa upande wake Cooder, licha ya kulelewa na bluzi, alikuwa amekwenda Hawaii miaka ya 1970 kupiga na mpiga gitaa wa huko, Gabby Pahinui. Kwa hiyo mwaka 1992 matawi mawili ya mti mmoja yalikuwa yanagusana.

Lakini ala zenyewe zilitofautiana sana, na tofauti hiyo ndiyo iliyogawa kazi. Bhatt aliliita gitaa lake Mohan Veena. Mwili ni wa gitaa la Kimagharibi, lakini limeongezwa nyuzi hadi kufikia karibu 20. Zipo chache za kupigia wimbo, zipo za kushikilia sauti ya msingi, na chini yake zipo 12 zisizoguswa kabisa. Hizo 12 zimepatanishwa kwa noti za raga inayopigwa. Bhatt anapogonga noti inayolingana na mojawapo, ule uzi wa chini unatikisika wenyewe na kuacha mwangwi mwembamba nyuma ya noti. Hili linamtatulia tatizo kubwa la kiufundi: noti ya gitaa hufifia haraka, na mtelezo mrefu unaweza kufa kabla haujafika. Nyuzi za mwangwi humwezesha kusafiri polepole, oktava nzima akitaka, na sauti ikabaki hai njiani. Sitar haiwezi safari ya aina hiyo, kwa kuwa huko mpigaji anauvuta uzi kando na uzi una mwisho wa kuvutika.

Cooder hakuwa na msaada huo. Alipiga gitaa lililosimama kifuani, chupa kwenye kidole, vidole vingine vikiwa huru nyuma yake, na kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye nyuzi nene. Noti zake ni fupi na nzito, zina mkwaruzo, zinakufa mapema. Angejaribu kushindana na Bhatt kwa mbio au kwa urefu wa mtelezo, angeonekana mwanafunzi. Hakujaribu. Alikaa chini, kwenye besi na sauti za kati, akapiga misemo mifupi na kuacha nafasi kubwa baada ya kila msemo. Bhatt akachukua juu. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na bendi ya dansi anajua kwamba solo na rithimu zikigombania oktava moja, wimbo unakuwa uji. Hawa wawili hawakuwa na kiongozi wa bendi wa kuwagawia nafasi, wakajigawia wenyewe ndani ya dakika za mwanzo, na mgawanyo huo ukashika hadi mwisho.

Uamuzi mwingine uliowaokoa ni wa kukubaliana juu ya sauti moja ya msingi na kubaki hapo. Muziki wa raga hauna mabadiliko ya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kuna noti mama inayovuma wakati wote, na kila kinachopigwa kinapimwa nayo. Bluzi ya zamani ya kusini mwa Marekani mara nyingi iko hivyo pia: mpigaji anapatanisha nyuzi zote wazi ziwe kodi moja, kidole gumba kinagonga besi ileile, na wimbo unatembea juu yake. Watu wasiofahamiana wakijaribu kufuata mlolongo wa kodi nyingi bila mazoezi, lazima mmoja afike kwenye kona kabla ya mwenzake. Juu ya sakafu moja hakuna kona. Unaweza kuanza popote, ukakosea na kurudi, wala hakuna atakayejua. Tabla nayo ina mzunguko wake wa mapigo unaorudi kila mara kwenye pigo la kwanza, na hilo pigo likawa mahali pa kukutania. Sukhvinder Singh hatajwi sana, lakini bila yeye sehemu za kasi zisingesimama.

Sasa tuje kwenye chumba, ambako naona ndiko ufundi mkubwa kuliko wote ulikojificha. Aliyewakutanisha na kuwarekodi ni Kavi Alexander, mwenye kampuni ndogo ya Water Lily Acoustics. Alitumia maikrofoni mbili tu kwa watu wanne. Mpangilio wake ni ule uliobuniwa na mhandisi Mwingereza Alan Blumlein mwanzoni mwa miaka ya 1930: maikrofoni mbili zimekaa mahali pamoja, zimepishana kwa pembe ya digrii 90, na kila moja inasikia mbele na nyuma kwa nguvu sawa huku ikiwa kiziwi ubavuni. Kwa njia hiyo kanda inapata magitaa kutoka mbele na kanisa lenyewe kutoka nyuma. Mitambo ilikuwa ya valvu, zile taa za kizamani za kukuzia sauti, kazi ya fundi Tim de Paravicini, na kanda ilikuwa ya sumaku, si ya dijitali.

Fikiri maana yake kwa mpigaji. Studioni kila ala huwa na maikrofoni yake na mstari wake, na fundi anaweza kesho yake kumshusha mmoja, kumpandisha mwingine, kufuta kosa, kuongeza mwangwi. Hapa haikuwezekana. Gitaa likizidi, limezidi milele. Mizani ya sauti ilipatikana kwa njia mbili tu: nani amekaa umbali gani kutoka kwenye maikrofoni, na mkono wake unagonga kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo kila mmoja alilazimika kumsikiliza mwenzake wakati wote ili ajue apunguze au aongeze. Ule upole tunaousikia, kule kuachiana nafasi ambako watu hukuita maelewano ya kiroho, kwa sehemu kubwa kulilazimishwa na maikrofoni mbili. Simaanishi kwamba unapungua thamani kwa hilo. Namaanisha kwamba Alexander alijua anachofanya alipowanyima njia ya kusahihisha baadaye.

Kanisa nalo lilipiga. Mwangwi wake unazirefusha zile noti fupi za Cooder, na kuzisogeza karibu na noti ndefu za Bhatt. Katika chumba kikavu cha studio tofauti ya ala hizo mbili ingekuwa kali mno.

Kipande kinachotoa jina la albamu kinafunguka kwa utulivu, watu wakitafutana kama wapiga taarabu wanavyotanguliza taksimu kabla ya mdundo. "Ganges Delta Blues" ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote kwa upande wa ufundi. Huko sakafu ni ya Cooder, bluzi halisi, na Bhatt ndiye mgeni. Haigi bluzi. Anaingiza misemo yake ya Kihindi, ya haraka na yenye mitikisiko, kwenye noti zilezile zinazopinda, na unatambua kwamba hakuhitaji kubadilisha lafudhi ili aeleweke. Katika "Longing", kinyume chake, naona Cooder anajitoa kupita kiasi. Anabaki kumshikia mwenzake taa, na ningependa angebisha zaidi. Hiyo ndiyo gharama ya adabu yao: panapokosekana mazoezi, mtu mwenye heshima huchagua kunyamaza hata pale ambapo pengine angesema neno zuri.

"Isa Lei" inafunga. Ni wimbo wa kuagana wa Fiji, ambao wapiga gitaa la Hawaii wameupiga kwa miaka mingi. Uchaguzi huo una akili. Una sauti tamu inayoimbika, kwa hiyo wote wawili wangeweza kuushika bila karatasi. Na Fiji ni visiwa vya Pasifiki ambako Wahindi wengi walipelekwa kwa mikataba ya kazi kuanzia mwaka 1879. Hakuna wimbo ambao ungefaa zaidi kwa gitaa lililozaliwa Pasifiki na kukulia India. Baada ya mitelezo yote iliyotangulia, hapa wanapiga kwa unyoofu, mmoja akishika wimbo na mwingine akiuzunguka.

Cooder aliendelea na njia hiyo. Mwaka 1994 alitoa Talking Timbuktu pamoja na Ali Farka Touré wa Mali, nayo ikapata Grammy. Bhatt bado ndiye jina la kwanza linalotajwa Mohan Veena inapozungumzwa.

Ninaloomba kwa wanaorekodi muziki wa pwani yetu ni hili. Bado wapo wazee wa udi, kanuni na fidla Zanzibar, Tanga, Mombasa na Lamu, na mara nyingi wakiingia studio hutengwa mmoja mmoja, kila mtu na vipokea sauti masikioni, akipiga juu ya kilichopigwa jana na mwingine. Watafutieni ukumbi wenye mwangwi mzuri, muwakalishe pamoja kwa umbali uliopimwa kwa sikio, muweke maikrofoni mbili katikati, na muiache kanda izunguke hadi wamalize. Vifaa vya kazi hiyo leo ni rahisi kuliko vile alivyokuwa navyo Alexander.