Chumba cha Darasa na Jua la Ziwani

Msomaji kijana, kabla hujaendelea na ukurasa huu, inua macho ulitazame paa lililo juu ya kichwa chako. Mwanafunzi akianguka mtihani, watu humlaumu yeye, kisha mwalimu wake, kisha uhaba wa vitabu. Chumba alimosomea hakiulizwi neno. Mimi nami katika chuo cha ualimu nilifundishwa kuandaa somo, wala hapana siku niliyofundishwa kulipima darasa.

Kisumu iko karibu sana na ikweta, ukingoni mwa Ghuba ya Winam. Jua la hapa hupita karibu na utosi mwaka mzima: asubuhi huchoma kuta za mashariki, alasiri za magharibi. Basi jengo lenye madirisha kaskazini na kusini hupata nuru pasipo moto. Kulielekeza hivyo hakuongezi gharama ya tofali hata moja. Walakini nimeona majengo mengi ya pwani hii yaliyopangwa kulifuata lango au barabara, kana kwamba jua ni mgeni asiyestahili kungojewa.

Tena kuna mvua. Alasiri mawingu ya ziwani hupasuka kwa radi, na mabati yasiyo na dari huvuma hata mwalimu akaweka chaki chini. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa na mvulana aliyeketi dawati la nyuma, chini ya mabati matupu. Saa nane mchana alisinzia; mvua ikinyesha alinakili makosa. Nikaandika katika ripoti yake kwamba ni mzito wa akili. Muhula uliofuata dawati lake lilihamishiwa karibu na mlango, kwa sababu ukuta wa nyuma ulivuja, si kwa hekima yangu. Na mzito yule akaanza kuuliza maswali yaliyonitoa jasho. Neno lile lingali katika ripoti, kwa mwandiko wangu.

Wajaluo wa zamani walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, ambamo watoto walijifunza hadithi na vitendawili usiku. Paa la nyasi halikupiga kelele kwa mvua, na walioketi kumzunguka msimulizi hawakuwa na nyuma wala mbele. Sisemi turudi katika nyasi, maana huoza na huungua. Mwaka 2003 karo za shule za msingi zilipofutwa, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani kote Kenya. Siwindhe gani ingewatosha? Kosa si la bati. Kosa ni bati kuachwa uchi.

Dawa yake imekwisha kujaribiwa. Huko Gando, Burkina Faso, Francis Kéré alikijengea kijiji alichozaliwa shule iliyokamilika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo. Juu yake iko dari ya matofali, na bati limeinuliwa mbali na dari hiyo, upepo ukapita katikati na kuchukua joto. Mwaka 2021, kando ya Ziwa Turkana, ulikamilika mpango wake wa chuo cha vijana wanaojifunza kazi za kompyuta, wenye minara iliyoigwa kwa kichuguu: hewa ya moto hupanda ikatoka, ya baridi ikaingia chini. Minara hiyo siiombei shule ya kijijini. Ninachokisifu ni kwamba mjenzi aliuliza kwanza upepo unatoka wapi.

Kwetu swali hilo angelijibu mvuvi yeyote: mchana upepo hutoka ziwani. Darasa langu la sasa limeupa upepo huo ukuta mzima usio na tundu. Nimepanga madawati nusu duara, na kila wiki wanaokaa pembeni hubadilishana na wa katikati. Kuhusu dari nimeandika barua mbili kwa wakubwa, nami nangoja majibu. Mvua ikija, tunafunga vitabu tukaandika insha.