Mahaba, Kisu na Kibwagizo

Mpenzi wa ushairi akiambiwa kwamba kuna undugu baina ya shairi la mizani kumi na sita na mkanda wa video wa mapenzi na mauaji, yumkini atakunja uso. Mikanda hiyo ina sifa mbaya, na sehemu kubwa ya sifa hiyo inaistahiki. Waigizaji wake aghalabu hawajulikani, nyumba ni ile ile, saksafoni hulia kila taa inapofifia, na mwisho wake mtu huujua kabla hajakaa kitako. Walakini iliangaliwa na kurudiwa, kuanzia Marekani ilikotengenezwa hadi vijiji vya bara ambako hakujapata kujengwa jumba la sinema. Hapana budi mhakiki aulize: watu walifuata nini?

Jibu jepesi ni kwamba walifuata miili isiyo na nguo. Halitoshi. Aliyetaka uchi mtupu alikuwa na mikanda yake mingine. Katika hii, uchi ni wa dakika chache tu. Saa nzima iliyobaki ni ya wivu, mawakili, urithi, na watu wanaochunguliana madirishani. Watazamaji waliivumilia saa hiyo, na mimi nadai kwamba waliipenda.

Tutazame asili yake. Mwaka 1987 ilitoka Fatal Attraction ya Adrian Lyne, na mwaka 1992 Basic Instinct ya Paul Verhoeven. Zote mbili zilijaza majumba ya sinema. Pembeni mwa sinema hizo kubwa watayarishaji wenye fedha kidogo walitengeneza zao, zikaenda moja kwa moja kwenye maduka ya kukodisha mikanda. Night Eyes ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Jag Mundhra, mzaliwa wa India, ni mfano wa kutosha. Mlinzi anaajiriwa kumchunguza mke wa mtu kwa kamera ili upatikane ushahidi wa talaka, naye anampenda yule anayemchungulia. Nyumba moja, watu wachache, usiku mwingi. Ufukara wa fedha umegeuka kanuni ya utungo.

Hapa ndipo mshairi anapopaswa kusogea karibu. Mizani nayo ni ufukara, ila wa hiari. Msikilizaji wa shairi hangoji kushangazwa na kina cha mwisho, anakijua. Anangoja kuona mtunzi atakifikiaje. Mtazamaji wa mkanda naye anajua kwamba mlango utafunguliwa na kisu kitaonekana. Raha yake imo katika kungoja.

Nililiona jambo hili mbali na bahari, huko Mngeta, katika bonde la Kilombero, chini ya safu za Udzungwa, kwenye njia ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba. Ulikuwa msimu wa mavuno ya mpunga, mwaka 2006. Kibanda umiza kilikuwa cha mabati, chenye mabenchi, televisheni moja na jenereta iliyonguruma nyuma ya ukuta. Watazamaji wote walikuwa wanaume, wengi wao vibarua wa mavuno. Mkanda ulikuwa umetiwa sauti ya mtafsiri, kwa mtindo ule uliompa jina Lufufu wa Dar es Salaam: mtu mmoja anasimulia juu ya sauti za wote, anaeleza, anaonya na kutania.

Kanuni ya kibanda ni kwamba staringi hafi, na adui hana budi kufa. Lakini katika mikanda ya aina hii staringi ni mjinga. Anaufungua mlango ambao benchi zima linajua asiufungue. "Usifungue!" walipiga kelele. Akafungua. Kibanda kikanyamaza kimya, na kimya kile kilinifunza zaidi kuliko kelele. Kila mmoja alijua kwamba naye angefungua. Ilipofika faragha ya wapenzi, mtafsiri hakutaja kiungo hata kimoja. Alisema mvua imeanza kunyesha na mwenye shamba hayupo. Watu walicheka kama wanavyocheka watu wa pwani wanaposikia fumbo limefumbuka.

Mlangoni alikaa mama akikaanga vitumbua. Hakuwa akiiona televisheni. Aliisikia sauti tu. Nilipotoka aliniuliza:

"Kaka, yule dada wameshamuua?"

"Wameshamuua, mama."

"Na jana walimuua," akasema, akageuza kitumbua.

Sijasoma uhakiki wa mikanda hii ulionigusa kuliko maneno hayo. Kibwagizo kizuri hakibadiliki maneno, bali hubadilika maana kila ubeti unapokirudia. Kifo cha mwanamke mwenye kutamani ni kibwagizo cha mikanda hii, na aghalabu hurudi na maana ile ile. Wala si watengenezaji peke yao wenye lawama. Fatal Attraction ilipopigwa mwanzo, Alex anajiua mwenyewe, na mwanamume aliyemtumia na kumwacha anashukiwa kuwa ndiye muuaji. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika. Mwisho ukapigwa upya, na mke wa yule bwana akampiga Alex risasi. Hadhira ndiyo iliyokidai kibwagizo. Basic Instinct ilithubutu kumwacha mwanamke hai, na chombo cha kuvunjia barafu chini ya kitanda. Mtazamaji akaondoka na swali.

Watengenezaji wetu nao waliipokea bahari hii ya utunzi. Katika Shumileta ya Mussa Banzi, ya mwaka 2005, anayempenda mwanamume wa kibinadamu ni jini wa kike. Kumtoa mwanamke wa California na kumleta jini wa hadithi zetu ni ubunifu wa kweli. Hata hivyo hofu haijahama: bado mwenye kuogopwa ni mwanamke anayependa bila kuombwa.

Nasi hatukuhitaji kuazima hofu hiyo. Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba habari za Kijiti: mwanamke mgeni aliyetoka usiku kwenda kustarehe akauawa, muuaji akakimbia, na sheria ikawaangukia wanawake aliofuatana nao. Mahaba, usiku, mauti: ni kisa kile kile cha mkanda. Lakini Siti hakukiimba ili tutulie kwa kuwa mkosefu ameadhibiwa. Alikiimba ili tuulize kwa nini muuaji yuko huru.

Kwa hiyo simlaumu kibarua wa Mngeta aliyetoa senti zake, wala sioni aibu kwamba nami nilikaa benchi lile hadi mwisho. Tamaa na hofu ni mali halali ya sanaa, na umbo finyu si kosa. Kosa ni kukariri kituo bila kukisikia. Mikanda imekwisha, na visa vyake vimehamia kwenye simu za mkononi, vikiwa vifupi na vya gharama ndogo zaidi. Anayevitunga leo anaweza kujifunza ukali wa umbo kutoka kwa Mundhra na wenzake. Lakini mwisho wa kisa chake aupime kwa Siti, na kwa yule mama mlangoni ambaye jibu alilijua kabla hajaniuliza.