Kufanana na Nani, na kwa Ukubwa Gani?

Mchoraji yeyote wa Nairobi akipandisha kazi yake mtandaoni, kuna sifa moja ataipata kabla ya zote: "Aki mimi nilidhani ni picha ya kamera!" Kazi yenyewe mara nyingi ni ya penseli. Kila unywele umefuatwa, kila tone la jasho linang'aa, na sura ni ya mtu ambaye tayari tunamjua: mwanamuziki, mchezaji mpira, mwanasiasa. Tunasema huo ndio uhalisia, tunasambaza, maisha yanaendelea.

Sina ubaya na ustadi huo. Ni kazi ya wiki nzima nzima na mkono usiotetemeka. Ninachogombana nacho ni jina. Uhalisia, lile neno tulilokariri kwenye somo la fasihi, lilipoanza kuwasha moto kwenye uchoraji wa Ulaya katikati ya karne ya 19, kufanana kulikuwako tayari. Wachoraji wa wafalme waliweza kuchora hariri mpaka ukatamani kuigusa. Ugomvi ulikuwa juu ya kitu kingine kabisa: nani anastahili kuchorwa, na kwa ukubwa gani?

Chukua Gustave Courbet. Mwaka 1849 alikuwa kwao Ornans, mji mdogo mashariki mwa Ufaransa, akaanza kuchora mazishi. Waliosimama mbele yake ni wenyeji wenyewe: mchimba kaburi aliyepiga goti, wazee wa kanisa wenye pua nyekundu, kina mama waliojaa leso mikononi. Kanvasi ina zaidi ya mita 3 kwenda juu na zaidi ya mita 6 kwa upana, na watu wake ni wa kimo cha mtu halisi. Ukubwa huo ulikuwa umetengewa wafalme, vita na watakatifu. Sasa hapa kuna watu wa mashambani wanamzika mtu ambaye hata mchoro hautuambii ni nani. Hakuna malaika anayeshuka. Kuna shimo, na mbwa mweupe aliyegeuza kichwa kama aliyechoka kungoja.

Mchoro huo ulipotundikwa kwenye maonyesho rasmi ya Paris ya 1850 na 1851, wengi walikereka. Walisema watu wake ni wabaya wa sura. Mimi nadhani kilichowauma ni ile mita 6. Mwaka 1855 jopo la Maonyesho ya Dunia jijini humo likaukataa. Courbet hakukaa kulia. Alijenga banda lake karibu na hapo, akaliita la Uhalisia, akatoza kiingilio.

Urusi nako vijana walikuwa na kesi yao. Mwaka 1863, wanafunzi 14 wa Chuo cha Sanaa cha Petersburg walikataa mada waliyopewa kwenye shindano la kumalizia masomo: karamu ya mungu Odin, wa hadithi za kale za Skandinavia. Waliona wana mambo ya kwao ya kuchora. Wakatoka. Kufikia 1870, baadhi yao walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha maonyesho ya kusafiri, kilichobeba michoro kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Kutoka kizazi hicho tuna Ilya Repin na mchoro wake wa wavuta mashua wa mto Volga, aliouanza 1870 na kuukamilisha 1873. Ni wanaume 11 wamefungwa mikanda kifuani, wanaivuta mashua kwa miguu kando ya maji. Ukiwahi kukaa nyuma ya mkokoteni uliojaa viazi kwenye mlima, ukaona vile mwenye kuuvuta anavyolala mbele mpaka uso unakaribia lami, hauhitaji maelezo. Ila Repin hakuchora "maskini" kwa jumla. Aliwafuata kule mtoni majira ya joto, akakaa nao, akawajua. Yule wa mbele mwenye kitambaa kichwani ni Kanin, ambaye zamani alikuwa padri. Katikati kuna kijana anayeushika mkanda wake kama anayetaka kuuvua, yeye pekee amenyanyua kichwa na kutazama mbali. Na huko mbali kabisa, mdogo kama kidole, kuna moshi wa meli ya mvuke. Mashine ipo. Lakini watu bado ni bei rahisi.

Halafu nani akanunua? Mwana wa mfalme. Mtoto wa Tsar Aleksanda wa Pili aliutundika kwenye jumba lake. Hapo ndipo uhalisia huniuma, na sidhani kuna jibu safi. Unachora jasho la mtu, kisha anayefaidika na jasho hilo analipamba ukutani. Ninachoweza kusema ni kwamba Kanin hakuyeyuka. Mwenye jumba kaenda, utawala wa baba yake umekwisha, na yule mzee bado anatutazama.

Marekani swali lilikuja kwa sura nyingine. Henry Ossawa Tanner, mchoraji Mweusi aliyefunzwa na Thomas Eakins jijini Philadelphia, aliishi katika nchi ambayo tayari ilikuwa imejaa michoro ya watu Weusi na banjo. Shida ni kwamba karibu yote ilikuwa kejeli: meno nje, macho yamekodolewa, mtu wa kuchekesha wenye nchi. Mwaka 1893 Tanner akachora mzee akimfunza mtoto kupiga banjo hiyo hiyo. Mtoto amesimama katikati ya magoti ya mzee, chombo ni kizito kwake, vidole vinatafuta uzi. Hakuna anayetuchekea. Hawajui hata kama tupo. Kanvasi inapita mita 1 kidogo tu, lakini imefanya kazi ambayo mita 6 haziwezi kufanya zikiwa peke yake. Imewapa watu wawili faragha, mahali ambapo walizoea kuonyeshwa kama sarakasi.

Kama bado unadhani kufanana kunatosha, nenda Urusi ya Stalin. Mwaka 1934 uhalisia wa kijamaa ukatangazwa kuwa njia rasmi ya sanaa. Mwaka 1937 Arkady Plastov akachora sikukuu ya shamba la ushirika: meza zimefurika vyakula, watu wanacheka, picha ya Stalin juu yao wote. Kila mkate unaweza kuung'ata. Ni miaka michache tu baada ya njaa ya 1932 na 1933 iliyoua mamilioni ya wakulima. Mkono ni hodari, jicho ni kali, na mchoro ni uongo.

Kwa hivyo mwenzangu wa penseli, endelea kunoa. Mimi nitakusifu mkono bila choyo. Lakini sitakuita mhalisia mpaka nione umemtoa nani gizani, au ni uongo upi uliokuwa umetundikwa ambao umeushusha. Yule celebrity ana kamera za kutosha.

Tena fikiria umemchora mvuta mkokoteni, mita 3 kwa 6, jina lake chini, na benki moja mjini ikaununua kwa bei nzuri na kuuweka kwenye ukumbi wake wa marumaru. Chapaa umepata, na umestahili. Swali lililobaki ni dogo: akija mwenyewe na viatu vyake vya matope kujitazama, askari wa mlangoni atamfungulia?