Mkono Unaosoma Mguu

Alfajiri, kabla farasi hajatolewa bandani, saisi huchuchumaa kando yake na kuteremsha mkono nyuma ya mguu wa mbele, kutoka chini ya goti hadi kifundoni. Macho yako kwingine. Vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Kisha hupapasa mguu wa pili, aulinganishe na wa kwanza. Joto kidogo tu, au uvimbe mwembamba, na siku hiyo farasi hakimbii. Katika uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, kama penginepo panapofugwa farasi wa mbio, mkono huo ndio kipimo cha kwanza.

Unatafuta kano. Chini ya goti la farasi hakuna misuli, na kano ya nyuma huupokea uzito wa mwili wa kilo 500 hivi. Kwenye mbio kali huvutika karibu na kukatika. Nyuzinyuzi chache zikikatika ndani, farasi huchechemea siku kadhaa kisha hutembea vizuri kabisa. Asiyejua huona amepona.

Anayejua humwagia mguu maji baridi mara kadhaa kwa siku, kisha huuviringishia pamba na bandeji bila mkunjo hata mmoja, kwa kuwa mkunjo hubana palepale panapouguzwa. Mguu wa pili nao hufungwa, maana ndio unaobeba mzigo wa mwenzake. Daktari akipiga picha ya ultrasaundi, jeraha huonekana kama doa jeusi katikati ya kano nyeupe.

Zamani miguu hiyo ilichomwa kwa chuma cha moto. Mwaka 1983, watafiti wa Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba moto hauiponyi kano.

Tiba iliyobaki ni ngumu kuliko chuma: kungoja kwa vipimo. Nyuzinyuzi mpya huota ovyo, na mzigo mdogo unaoongezwa taratibu ndio huzifundisha kulala kufuata urefu wa mguu. Kwa hiyo farasi hutembezwa kwa kamba dakika 10, baadaye 20, kisha zaidi, kwa miezi 9 hadi 12. Anarukaruka, anataka kukimbia. Saisi anaifupisha kamba na kumsemesha kwa upole. Kila hatua anayomnyima leo anamwekea akiba.

Kesho alfajiri atachuchumaa tena, na mkono utaanza upya chini ya goti.