Makabila Mapya na Mulango wa Kuingilia

Wasomaji wengine watashangaa kuona shauri la muchezo katika karatasi hizi. Tumezoea kupima hapa vitabu, nyimbo za Misa na mafundisho ya katekisimu. Lakini muchezo unaosimulia hadisi ya inchi nzima na watu wake, nao ni namna ya kitabu. Na kama ni kitabu, unapashwa kusomwa na kuhukumiwa. Hapa Kamina ni wachache wanaoweza kucheza muchezo tutakaoueleza, juu ya shida ya umeme na bei ya intaneti. Lakini telefone zimefika hata vijijini, na michezo ya namna hiyo inakuja pamoja nazo. Tena ugomvi wa wachezaji wake si kitu kigeni kwetu.

I. Muchezo wenyewe

Unaitwa World of Warcraft. Kampuni ya Blizzard, ya California mu Marekani, iliutoa katika mwezi wa 11 wa mwaka 2004. Watu wa inchi mbalimbali hukutana kwa njia ya intaneti ndani ya inchi moja ya kubuni. Mbele ya kuanza, kila mutu anachagua kabila la yule atakayekuwa: Mwanadamu, Elf, Orc, na wengine. Mwanzoni makabila yalikuwa manane: manne ya kambi ya Alliance, na manne ya kambi ya Horde, nazo ni adui. Anayechagua Orc amekwisha kuingia Horde. Hana ruhusa ya kuwa Orc na kusimama na Alliance. Kila kabila limepewa pia kipaji cha kuzaliwa nacho: huyu anapiga kwa nguvu zaidi, yule anaondoa sumu mwilini.

Neno tunalogeuza hapa kuwa “kabila” linawasumbua Wazungu wenyewe, maana ni neno lile lile walilotumia kwa kutenga watu kwa rangi ya ngozi. Wenye Dungeons & Dragons, muchezo wa mwaka 1974 ulio kama mama wa michezo hii yote, walitangaza katika mwezi wa 12 wa mwaka 2022 ya kama wanaliacha, na kitabu chao cha 2024 kinatumia neno jingine, kama vile tunavyosema aina za nyama na miti. Jina limebadilika, lakini swali limebaki: nani anaweza kuingia, na kwa sababu gani?

II. Ugomvi

Katika mwezi wa kwanza wa mwaka 2007 kampuni iliongeza makabila mawili. Alliance ilipata Draenei, na Horde ilipata Elf wa Damu. Wachezaji waliosoma vizuri hadisi ya zamani walinung’unika juu ya Draenei, maana habari mpya za asili yao zilipingana na zile zilizoandikwa katika vitabu vya kwanza vya muchezo. Wale walisema kweli. Chris Metzen, mwandishi mukubwa wa hadisi hiyo, alikubali kosa mbele ya watu wote katika mwaka 2006. Wengine walinung’unika juu ya Elf wa Damu: Horde ilikuwa kambi ya wenye sura mbaya na waliodharauliwa, sasa wazuri wanakuja kufanya nini kwetu?

Katika 2012 waliingia Pandaren, watu wenye sura ya panda, yule nyama mweusi na mweupe wa Uchina. Wengi walicheka, wakasema ni mambo ya watoto, yanaharibu muchezo wa watu wazima. Kumbe Pandaren mumoja alikuwa amekwisha kuonekana katika hadisi tangu mwaka 2003.

Ugomvi mukali kuliko yote ulikuwa juu ya Elf wa Juu. Hao walipigana upande wa Alliance tangu muchezo wa mwaka 1995. Kiisha inchi yao iliharibiwa. Wengi wao walibadili jina, wakawa wale Elf wa Damu waliokwenda Horde, lakini wachache walibaki waaminifu kwa Alliance. Kwa miaka mingi wachezaji waliomba ruhusa ya kuwa hao wachache. Katika 2018 mukubwa wa kazi, Ion Hazzikostas, aliwajibu ya kama anayetaka Elf wa namna hiyo, Horde inamungoja. Mahali pao Alliance ilipewa Elf wengine, wenye ngozi ya buluu na ya giza. Mwaka 2020 hao wa buluu waliruhusiwa kuwa na ngozi nyeupe. Vile wale walioombwa waliingia kwa mulango wa nyuma, pasipo jina lao.

III. Hukumu yetu

Katika kelele hizo zote kuna mashitaki mawili, na watu wengi wanayachanganya. La kwanza linasema: “Mugeni huyu hana hadisi, tuelezeeni ametoka wapi.” La pili linasema: “Mahali hapa ni petu.” La kwanza ni haki, maana hadisi isiyojali maneno yake yenyewe inakuwa uongo. La pili ni wivu. Lakini mara nyingi la pili linavaa nguo za la kwanza, na hapa ndipo mwenye kuhukumu anapashwa kuwa na macho.

Namna ya kuyatenga ni kuuliza hivi: mugeni akileta hadisi kamili, je, munung’unikaji atanyamaza? Juu ya Draenei swali lilikuwa la kweli: maandiko mawili yalipingana, na mwandishi alipashwa kujibu. Elf wa Juu walikuwa na hadisi ndefu kuliko wengi waliokwisha kuingia, na hata hivyo walikataliwa. Basi hadisi haikuwa sababu. Sababu ilikuwa ya kama wengine waliogopa kupoteza kile kilichowatofautisha na jirani.

Tuseme haki: woga huo si upumbavu mutupu. Kambi mbili zikifanana katika yote, kuchagua moja hakuna maana tena. Lakini wenye muchezo walijifunga wenyewe walipoamua tangu mwanzo ya kama damu ndiyo inayochagua kambi. Kazi yao bora katika jambo hili ni ile ya Pandaren. Mutoto wa Pandaren anazaliwa katika kisiwa kisicho cha Alliance wala cha Horde. Anakua, anaona, na mwishoni anachagua mwenyewe. Makabila ya Dracthyr ya mwaka 2022 na Earthen ya mwaka 2024 yamefuata njia hiyo. Yale ya zamani yamebaki yamefungwa na damu yao, ingawa tangu 2022 watu wa kambi mbili wanaweza kufanya safari na vita vingine pamoja. Kwa maoni yangu, wale waliocheka Pandaren walicheka sehemu yenye akili kuliko nyingine zote.

IV. Kwetu

Wazee wa Baluba wangefahamu jambo hili upesi. Wanasimulia ya kama Mbidi Kiluwe, muwindaji, alitoka mashariki, akafika katika inchi ya Nkongolo Mwamba, akaoa Bulanda, dada ya mufalme. Mwana wao ndiye Kalala Ilunga, aliyemushinda Nkongolo na kuweka ufalme. Mwanzo wa heshima yetu ni mutoto wa mugeni na wa mwenyeji. Hakuna Muluba anayesema Mbidi aliharibu hadisi.

Lakini tuliyoyasahau tunayajua pia. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilitafuta wafanya kazi mpaka Kasai, na reli ya kutoka Bukama mpaka Ilebo, inayopita hapa Kamina, ilimalizika katika 1928. Watu wa Kasai walifanya kazi mu migodi na mu reli; watoto na wajukuu wao walizaliwa Likasi na Kolwezi, wakabatizwa kule, wakazika wazee wao kule. Katika 1992 na 1993 waliambiwa si wana wa inchi. Waliitwa bilulu, ndiyo wadudu. Maelfu walifukuzwa, treni zao zikapita stasioni yetu, na wengi walikufa kwa kungojea ao njiani. Je, walikosa hadisi? Hadisi yao iliandikwa katika vitabu vya batisimo vya misioni zetu.

Sisemi muchezo na kilio kile ni kitu kimoja. Anayekatazwa kuwa Elf halali njaa. Ninasema tu ya kama maneno ni yale yale, na kijana anayejifunza kuyapima katika muchezo ataweza kuyapima katika mambo yanayoua.

V. Fundisho la Mitume

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 15, Eklezya ilikuwa na shauri hili mbele yake. Wengine walikubali watu wa mataifa waingie, lakini kwanza watahiriwe. Hao walionekana kuwa na haki: hawakufunga mulango, walitaja sharti. Basi swali letu la kwanza halitoshi. Tunapashwa kuongeza la pili: sharti hilo linamuomba mugeni nini? Linamuomba kufuata imani na adabu ya nyumba, ao linamuomba kuacha kuwa yeye? Elf wa 2018 waliruhusiwa kwa sharti la kubadilishwa ngozi. Mitume hawakutenda vile. Walimusikiliza Petro akieleza yaliyotokea kwa Kornelio, wakawasikiliza Barnaba na Paulo, kiisha waliomba mambo machache tu, na tohara haikuwa ndani yake.

Ninyi waseminari na wakatekista mutasikia maneno hayo si katika ordinatere, bali wakati wa kuchagua mukubwa wa kwaya, mwenyekiti wa komite ya parokia, ao mwalimu wa kijiji: “Huyu si wa hapa.” Musikasirike upesi, wala musikubali upesi. Ulizeni maswali yale mawili kwa sauti, mbele ya watu wote, na mungojee jibu. Aliye na sababu ya haki ataitaja na kuieleza. Mwenye wivu ataleta sababu nyingine kila mara ya kwanza inapojibiwa.

Na mutu akiwaambia ya kama wimbo wa kabila jingine hauna mahali katika kanisa letu, mukumbusheni Missa Luba, aliyoitengeneza Padri Guido Haazen pamoja na waimbaji wa hapa Kamina katika 1958. Maneno yake ni ya Kilatini, nyimbo zake nyingi ni za Baluba. Agnus Dei yake inafuata wimbo wa Bena Lulua wa Kasai.