Hewani Tunapokezana Zamu

Mjini Garissa, baada ya swala ya Isha, hakuna kifaa kinacholaumiwa nyumbani kama rauta. Mtoto wa sekondari anafungua video ya hesabu, mama anaongea kwa picha na ndugu walio Eastleigh au Minneapolis, vijana wana mpira kwenye simu, na ghafla kila kitu kinaganda. Baada ya rauta, lawama huiendea kampuni, kisha kifurushi: tulipie kikubwa zaidi. Familia nyingi zimepandisha kifurushi zikabaki na kasi ile ile, na hilo linaniuma, kwa sababu pesa hizo zingenunua waya na chenji ikabaki.

Kifurushi mara nyingi hakina hatia. Kasi hupotelea hewani, tena hupotea mara mbili: kati ya mnara wa simu na nyumba, na kati ya rauta na simu iliyo mkononi. Tuanze na hiyo safari fupi ya ndani ya nyumba, maana ndiyo iliyo katika uwezo wetu.

Waya wa mtandao unaochomekwa nyuma ya rauta una jozi nne za nyaya za shaba zilizosokotwa. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, jozi moja hupeleka na nyingine hupokea, kwa hiyo kompyuta na rauta husema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Hakuna mtu wa tatu kwenye waya huo. Pakiti ya kawaida, yenye baiti 1,500, hupita kwa maikrosekunde 123 pamoja na nyongeza zake zote, na inayofuata huondoka papo hapo. Zaidi ya asilimia 97 ya muda hutumika kubeba mzigo wenyewe.

Waifai haina nafasi hiyo. Katika masafa ya gigahezi 2.4, kifaa kinachotaka kutuma lazima kwanza kisikilize kama hewa iko kimya. Ikiwa kimya, kinangoja maikrosekunde 28. Kisha kinaokota namba yoyote kati ya sifuri na 15 na kuihesabu kurudi nyuma, kila hatua ikichukua maikrosekunde 9, ili vifaa viwili visianze kusema kwa pamoja. Ndipo pakiti inatoka, ikitanguliwa na ishara ya karibu maikrosekunde 36 inayomwezesha mpokeaji kujiweka sawa. Mpokeaji anatulia maikrosekunde 10, halafu anarudisha jibu fupi kwamba mzigo umefika. Jibu lisipokuja, mtumaji anarudia kila kitu, na mara hii anaokota namba kutoka fungu kubwa maradufu.

Piga hesabu. Simu iliyounganishwa kwa megabiti 65 kwa sekunde huhitaji maikrosekunde 185 kubeba pakiti yenyewe. Kungoja, kujiweka sawa na kujibu hula karibu maikrosekunde 170 nyingine. Nusu ya muda imekwisha bila mzigo kusogea, na hapo bado hakuna jirani aliyeingilia kati. Rauta za kisasa hufunga pakiti nyingi pamoja na kuzituma kwa zamu moja, jambo linalopunguza hasara hiyo sana, lakini zamu yenyewe haiondoki: anayetuma ni mmoja tu, wengine wote wananyamaza. Hata rauta yenyewe haiwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja.

Hapa ndipo namba ya kwenye boksi inapowapotosha wanunuzi. Rauta nyingi za bei nafuu zimeandikwa 300. Hiyo ni kasi ya hewani katika hali bora kabisa, kwa antena mbili na chaneli iliyopanuliwa maradufu. Lakini masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika mtaa wenye nyumba zilizobanana kama Bula Iftin, rauta za majirani zimekwisha kuzikalia zote. Ukigeuza rauta hiyo hiyo nyuma, mara nyingi utakuta matundu ya waya ya megabiti 100. Mwenye duka atakwambia hewa ni mara tatu ya waya. Chomeka waya uone mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi madukani. Waifai ya kawaida hugawa zamu, haigawi muda. Simu ya zamani iliyo chumba cha nyuma, yenye mawimbi hafifu, hushuka hadi megabiti 6.5 kwa sekunde ili isikike. Pakiti ile ile sasa inachukua zaidi ya maikrosekunde 1,800. Kompyuta iliyo mezani kando ya rauta, yenye uwezo wa 65, inapata zamu sawa na simu hiyo, kwa hiyo kila mara inangoja imalize. Zote mbili zikipakua kwa pamoja, kila moja hupata karibu megabiti 5. Ni kama kisimani wakati wa kiangazi: wenye ndoo kubwa na mwenye kikombe wakipeana zamu sawasawa, wote huondoka kwa kasi ya mwenye kikombe. Rauta nyingi mpya zimeanza kugawa muda badala ya zamu, na kama unanunua leo, hilo ndilo la kumuuliza muuzaji kabla ya idadi ya antena.

Nyumba zetu nazo huongeza mzigo. Ukuta wa mawe na saruji hupunguza nguvu ya mawimbi kwa kiasi kikubwa. Bati huyarudisha yalikotoka, na mlango wa chuma hufanya vivyo hivyo. Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi na majirani wachache, lakini huchoka upesi zaidi ukutani. Kwa chumba kimoja au viwili yanafaa sana. Kwa boma lenye nyumba tatu kuzunguka ua, hapana.

Sasa twende nje, kwa mnara. Wengi wetu Kaskazini Mashariki hatuna faiba mlangoni. Tuna rauta yenye laini ya simu, inayopokea 4G. Mnara wa kawaida hugawanya eneo lake pande tatu. Kila upande, kwa chaneli ya megahezi 20 na antena mbili, una kilele cha megabiti 150 kwa sekunde, na kilele hicho hupatikana pale tu mawimbi yanapokuwa safi kabisa. Kila milisekunde, mnara unaamua nani apewe kipande gani cha masafa. Aliye mbali hupewa vipande vingi zaidi kubeba data ile ile, kwani umbali ukiongezeka maradufu hata katika uwanda mtupu, nguvu inayofika ni robo tu. Rauta zote za nyumbani na simu zote za upande huo zinakula sahani moja. Ndiyo maana saa kumi alfajiri intaneti inaruka, na saa tatu usiku inatambaa.

Faiba pia hugawanywa, tuseme ukweli. Mfumo unaotumika sana majumbani hushusha karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde na kuzigawa kwa nyumba 32 au hata 64. Lakini hata nyumba zote 32 zikipakua kwa wakati mmoja, kila moja ina karibu megabiti 78. Mnara hauna hesabu hiyo.

Tusikimbilie kusema kwamba hewa kwa asili yake ni ya polepole. Kambi za wakimbizi za Dadaab zinakanusha. Mwaka 2011, ukame na njaa ya Somalia vilipowasukuma watu hadi kambi zikapita wakimbizi 400,000, mashirika yaliyokuwa yakihudumu pale yalitegemea zaidi setilaiti za zamani, zilizo umbali wa kilomita 36,000 juu ya dunia. Kwa umbali huo, kuuliza na kujibiwa huchukua zaidi ya nusu sekunde. NetHope, ambao ni muungano wa mashirika ya misaada, shirika la Inveneo na kampuni ya Cisco, pamoja na kampuni ya simu ya Orange, wakajenga mtandao wa ardhini usiotumia waya. Katika ujenzi wa aina hiyo, antena hufungwa juu ya mlingoti ikitazamana na mwenzake mmoja, boriti ya mawimbi ikiwa nyembamba na hakuna ukuta katikati. Ni hewa ile ile, na kasi ikapanda mno. Kilichobadilika ni idadi ya wanaogombea boriti moja.

Jambo hilo lilijitokeza tena baadaye. Huduma ya intaneti ya Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, kwa setilaiti zinazoruka chini zaidi, kilomita 550 hivi. Kufikia Novemba 2024 ilikuwa imeacha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Kwetu nje ya miji, ambako nyumba zimetawanyika, anga hiyo bado ni pana, na mfugaji au mwalimu aliye mbali na lami anafanya vyema kuitumia.

Nyuma ya mnara kuna swali zito zaidi: mnara wenyewe unalishwa na nini? Mkonga wa taifa wa faiba, ulioanza kujengwa 2007, ulifika mji wa Garissa. Ukitoka mjini, minara mingi hulishwa kwa mawimbi kutoka mnara hadi mnara, na wa mwisho katika mnyororo hupata kilichobaki. Minara kadhaa ya Mandera, Wajir na Garissa imeshambuliwa na wapiganaji wa Al-Shabaab; mmoja ukianguka, iliyo nyuma yake hunyamaza, na simu za eneo hilo huhamia mnara wa jirani uliokwisha kujaa. Faiba iliyopangwa kuandamana na barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, katika mradi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, kwangu ina thamani kubwa kuliko tangazo lolote la 5G. Ikipita kando ya mnara bila kuchomekwa humo, wakazi watakuwa wamepata vumbi la mtaro tu. Wawakilishi wa wadi waulize hilo mapema, mnara kwa mnara.

Kwa aliye nyumbani usiku huu, kuna kipimo rahisi. Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya, zima waifai ya vifaa vingine, pima kasi. Kisha pima kwa simu ukiwa chumba unachokitumia zaidi. Namba zikikaribiana na zote zikiwa ndogo, tatizo liko kwa mnara: sogeza rauta karibu na dirisha linaloutazama, au mwite fundi afunge antena ya nje juu ya bati. Ya waya ikiwa kubwa na ya simu ndogo, usiongeze kifurushi. Vuta waya hadi kwenye televisheni na kompyuta, kwa kuwa hazihami na ndizo zinazokula zaidi, uziachie simu hewa. Waya wa shaba wa kawaida hufika mita 100 bila kupoteza kasi, na ni nadra boma mjini Garissa kuhitaji zaidi ya hapo.